Jinsi Nilivyoiwezesha Draiva ya Kadi ya Mtandao Kushughulikia Lebo za VLAN

Katika jengo moja karibu na Posta Mpya, jijini Dar es Salaam, ofisi kadhaa hutumia waya mmoja unaotoka kwenye swichi hadi kwenye kompyuta ya Linux tuliyoifanya ruta. Swichi hutenganisha ofisi hizo kwa lebo za 802.1Q, yaani baiti 4 zinazopachikwa katika kila fremu (kifurushi cha data kwenye waya) baada ya anwani ya mtumaji, ambapo mbili za kwanza ni alama 0x8100 na biti 12 za mwisho ni namba ya VLAN, yaani mtandao pepe wa ofisi husika. Kadi ya zamani ilipokufa tuliweka nyingine kutoka Kariakoo, na papo hapo VLAN zote zikawa kimya, ilhali trafiki isiyo na lebo ilipita bila taabu.

Mwenzangu anayesimamia swichi aliniambia, "Kaka, kwangu lebo zinatoka, nimezinasa kwa laptop." Alikuwa sahihi. Kwenye ruta, tcpdump, programu ya kunasa trafiki, ilionyesha fremu zilezile zikiwa hazina lebo, na ethtool -k, amri ya kuonyesha mipangilio ya kadi, ikasema rx-vlan-offload (kadi kung'oa lebo kwa fremu zinazopokelewa) ni off, tena haibadiliki. Maana yake ni kwamba chipu ilikuwa ikizing'oa lebo na kuziandika kwenye deskripta ya kupokelea, yaani rekodi ndogo inayoeleza kila fremu, lakini draiva, programu inayoiendesha kadi, haikuwa na habari, hivyo keneli, kiini cha Linux, ilipokea fremu zisizojulikana ni za ofisi gani.

Kuizima biti ya kung'oa lebo kwenye rejista, sehemu ya chipu inayoshika mipangilio yake, kungetosha, na kwa trafiki yetu prosesa isingehisi tofauti. Hata hivyo, kwa kuwa chipu ilikwisha kufanya kazi hiyo, niliona ni vyema draiva iipokee. Upande wa kupokea niliongeza sharti: deskripta ikionyesha kuwa kuna lebo, isomwe na kukabidhiwa kwa keneli kupitia __vlan_hwaccel_put_tag. VLAN 10 ikajitokeza kama 2560, dalili ya wazi kwamba chipu huandika baiti mbili za lebo kwa mpangilio uliopinduliwa. Swab16, inayobadilishana nafasi za baiti hizo mbili, ikamaliza jambo hilo. Upande wa kutuma ulikuwa mwepesi: skb_vlan_tag_get hutoa lebo, nayo huandikwa kwenye deskripta pamoja na biti ya kuiamuru chipu iipachike.

Kilichohitaji uangalifu zaidi ni kumwachia mtumiaji uamuzi. Nilitangaza NETIF_F_HW_VLAN_CTAG_RX (upande wa kupokea) na ya TX (upande wa kutuma) katika hw_features, orodha ya uwezo ambao mtumiaji anaweza kuuwasha au kuuzima, kisha nikaandika ndo_set_features, ambayo keneli huiita mipangilio inapobadilishwa, ili amri ya ethtool -K ifike hadi kwenye rejista. Kwa kuwa chipu ikianzishwa upya husahau mpangilio huo, niliihamishia hatua ya kuiandika rejista ndani ya kazi (function) ya kuanzisha kadi, ambayo huitwa kila mara.

Sasa tcpdump huonyesha lebo, iwe rxvlan (jina fupi la rx-vlan-offload) imewashwa au imezimwa, kwani zilizong'olewa keneli huzihifadhi kando ya pakiti. Uchujaji wa VLAN ndani ya chipu sikuutangaza, maana kwa ofisi chache kama zetu hauna kazi.