Nilivyosahihisha ekari za mama ili apate mbolea ya ruzuku

Familia yetu inalima kama wanavyolima Wachaga wengi: kihamba cha migomba na kahawa huku juu Vunjo, na shamba la mahindi kule chini katika tambarare ya Kahe. Kuwa na ardhi sehemu mbili ndiko nusura kutukoseshe mbolea ya ruzuku, na ninaeleza namna nilivyolishughulikia jambo hilo kwa sababu najua nyumba nyingi za Moshi Vijijini zina hali ileile.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda kiasi ambacho hatukuwahi kukiona. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulifika karibu shilingi 130,000, na mama alikuwa amekwisha kuamua kupanda bila mbolea. Mwezi Agosti, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku, na bei ya DAP na Urea ikashuka hadi shilingi 70,000 kwa mfuko. Vocha za pembejeo zilizoanza mwaka 2008 zilikuwa za ekari moja tu kwa kaya zilizoteuliwa. Safari hii kila mkulima alitakiwa kujiandikisha kijijini kwake, ataje ukubwa wa shamba na zao lake, kisha apewe namba ya kununulia kwa wakala.

Mama alijiandikisha mapema. Mwezi Februari tulikwenda kwa wakala na pesa mkononi, naye alipoingiza namba alitugeuzia simu yake tuone: nusu ekari. "Mama, mfumo unasoma hivi, siwezi kukuuzia zaidi," alisema kwa upole. Aliyemwandikisha aliuliza ukubwa wa shamba, mama akajibu kuhusu kihamba, kwa kuwa alikuwa amesimama kijijini kwenye kihamba. Hakuna aliyemwuliza kama analima kwingine. Hilo liliniuma, kwani mahindi yanayotulisha mwaka mzima hayatoki kihambani hata debe moja.

Kesho yake niliteremka Kahe kuonana na mwenyekiti wa kitongoji. Hakukubali kuandika barua ya kuthibitisha ukubwa wa shamba kwa maneno yangu matupu, na ninamshukuru kwa hilo. Tulilipima shamba kwa miguu, hatua 70 kwa 70 kwa kila ekari, tukikanyaga mabua ya msimu uliopita, huku jirani wa upande wa mfereji akituonyesha mpaka. Sisi sote nyumbani tulizoea kusema ekari 3. Zikapatikana 2 na robo tatu. Niliomba iandikwe hivyo hivyo, maana niliona kwamba tukidai tusichonacho, siku ya ukaguzi tutakosa hata haki yetu.

Barua ikagongwa muhuri na mtendaji wa kijiji cha huko chini, nami nikaipandisha kwa mtendaji wa huku juu pamoja na kitambulisho cha taifa cha mama na namba yake ya simu, ile iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Ilinibidi nirudi mara tatu. Mara ya pili mtandao haukuwepo. Mara ya tatu nilikaa pale pale hadi nilipoona kwa macho yangu ekari zimebadilika, kwa kuwa masika yalikuwa yanakaribia na ahadi ya "kesho" isingetusaidia.

Kwa wakala tulinunua mifuko 3 ya DAP ya kupandia na 3 ya Urea ya kukuzia, jumla shilingi 420,000. Mama alimpa wakala namba kwa kuisoma mwenyewe kutoka kwenye daftari, tarakimu moja moja, kidole kikifuata mstari. Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne baadaye, nasi tukapanda asubuhi iliyofuata.