Lile neno la Hajati

Bado linanichoma. Harusi ya Zubeda imepita salama, kazini nimehamishiwa stoo, lakini nikilala ninachosikia ni sauti ya Hajati, jirani yetu hapa Bombo, Uganda: "Mama Hamza, punguza mawazo. Hayo mawazo yako ndiyo yanaulisha ugonjwa."

Mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, kwa mkono mmoja, maana ule wa upande aliopasuliwa kwa saratani ya titi bado hauinuki vizuri. Kidole kikasimama juu ya kijiwe. Akauliza polepole, "Kwa hiyo nimejiletea mwenyewe?"

"Sijasema hivyo."

Lakini alikuwa ameshasema. Na tangu hapo mama akishtuka usiku anaogopa hata huko kuogopa kwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Hajati hakutunga. Mtu akiishi na wasiwasi mfululizo, tezi zilizo juu ya figo hazipumziki kumwaga kotisoli na adrenalini. Usingizi unakatika, presha inapanda, kinga ya mwili inalegea. Mwaka 2024 watafiti wa Cold Spring Harbor, Marekani, walieleza kwamba panya wenye saratani ya titi waliposumbuliwa kwa muda mrefu, seli nyeupe za damu zao zilitoa nyuzi za kunata kama utando wa buibui, na saratani ikasambaa zaidi hadi mapafuni. Ni panya hao. Kwa binadamu, haijathibitishwa kwamba mawazo ndiyo yanayoleta saratani.

Halafu mawazo ya mama yanatoka wapi? Nauli ya kwenda hospitali ya Mulago. Foleni ya magari ya Bwaise njiani, huku kichefuchefu kimemkaba. Karo ya Shakira. Anayetaka mama apunguze mawazo na aje ashike mojawapo ya hayo, au akae naye siku ya kemo, ile dawa ya saratani, ashike ile mfuko ya kutapikia.

Basi jana jioni mtoto wa Hajati akabisha hodi na chupa ya chai ya tangawizi na mikate ya gurusa iliyofunikwa kwa kitambaa, bado inatoa mvuke. Mama akala, akaongeza, bila kubembelezwa! Sijamwona hivyo tangu kemo ianze. Akaniambia, "Mshukuru Hajati. Mwambie kesho aje tukae." Hasira yangu sikuiona tena ilikokwenda.

Ila ndugu yangu Hamza hajapiga simu tangu avuke mpaka wa Elegu na lori la mzigo wa Juba, Sudan Kusini. Namba yake haipatikani, na dereva mwenzake naye kimya.