Kupigwa picha si kupatikana

Alhamisi, usiku

Kila mgeni anayeletwa kwenye chumba chetu cha maktaba ya chuo kikuu, tunakoingiza tasnifu za zamani kwenye mfumo wa kidijitali, huonyeshwa skana kwanza. Naelewa ni kwa nini. Mashine inavutia: kitabu kinalazwa kwenye kitanda chenye umbo la V ili uti wake usipasuke, kamera mbili zinakitazama kutoka juu, taa baridi inawaka, na kabla hujapepesa macho ukurasa umeshatua kwenye skrini. Wageni hupiga picha, huuliza tunamaliza kurasa ngapi kwa siku, huondoka wameridhika. Meza ya pembeni hakuna anayeiulizia. Pale anakaa mtu mmoja anayezitazama picha zilezile, moja baada ya nyingine, na kujaza visanduku: nani kaandika, mwaka gani, kwa shahada gani, juu ya nini. Siku nyingi mtu huyo ni mimi, na mwamba ngoma, kama mjuavyo, huivutia kwake. Na iwe hivyo.

Ripoti ya robo mwaka imeitishwa tena, na fomu ina safu moja tu ya hesabu: kurasa zilizoskaniwa. Hakuna pa kujaza rekodi zilizokamilika. Ukiskani tasnifu mia na usiorodheshe hata moja, umefanya kazi. Ukiorodhesha ishirini ipasavyo, swali litakuja: mbona mmepunguza kasi? Nimelala na kuamka na jambo hili wiki nzima, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoamini kwamba nakala ya kidijitali isiyo na maelezo imepotea zaidi kuliko karatasi iliyofunikwa na vumbi.

Kitabu kilichochomekwa kwenye rafu isiyo yake bado kina bahati. Mwanafunzi anapita akitafuta kingine, macho yanaangukia jalada asilolijua, anakivuta, anasoma aya mbili, anakaa chini. Nimeona utafiti mzima ukibadili mwelekeo kwa namna hiyo. Kwenye hifadhi ya kidijitali hakuna kupita karibu. Kuna kisanduku cha kutafutia, na faili iliyoitwa scan0047 haiitiki kwa jina lolote utakaloliita. Ipo kwenye seva, ina nakala tatu, imelindwa vizuri kabisa, na hakuna atakayeifungua.

Watu wakisikia maktaba ya chuo kikuu inaingiza mikusanyo yake kwenye mfumo wa kidijitali, hufikiria vitabu vya kiada. Mimi ningeviacha mwisho. Kitabu kilichochapishwa kwa maelfu yumkini mtu mwingine ameshakiskani: Google ilianza kazi hiyo na maktaba kubwa za vyuo mwaka 2004, na HathiTrust, hifadhi ya pamoja ya vitabu vilivyoskaniwa, iliyoundwa na vyuo vikuu mwaka 2008, ina juzuu zaidi ya milioni 17. Tusichoweza kukipata kwingine ni tasnifu za wanafunzi wetu wenyewe. Za zamani zilipigwa taipu kwa karatasi za kaboni, nakala mbili tatu basi. Moja ilikuja maktaba, moja ikabaki idarani, na ya idarani huondoka siku mkuu wa idara anapohamishwa ofisi. Kwa hiyo mara nyingi tuliyoishika mikononi ndiyo pekee iliyobaki.

Nayo imechoka. Kuna jambo linalowashangaza wanafunzi wanaokuja mafunzoni: kitabu cha karne ya 17 kinaweza kuwa imara kuliko tasnifu ya miaka ya 1970. Karatasi za kale zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda vilihamia kwenye massa ya miti na kuyatia shabu ili wino usisambae, na shabu hiyo huacha asidi ambayo inaila karatasi kutoka ndani. Ndiyo ule umanjano, ndiyo zile kona zinazokatika kama kaki ukizigusa. Kabla ya skana kuna kazi ya mikono ambayo haimo kwenye ripoti yoyote: kung'oa pini zilizoshika kutu, kufuta vumbi kwa brashi laini, kunyoosha kona, kukunjua ramani zilizokunjwa mara nne, na kuhesabu kurasa. Kuhesabu hasa. Wapiga taipu waliruka namba, wakarudia namba, wakaingiza 48a na 48b. Ukiskani kwanza na kuhesabu baadaye, hutajua kama ukurasa wa 112 haukuwahi kuwepo au umebaki sakafuni.

Upande wa mashine sina mengi. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi kamili kila pikseli hula baiti tatu, hivyo faili ya TIFF, aina ya picha isiyopoteza kitu, ikiwa haikubanwa hufika megabaiti 26 kwa ukurasa mmoja. Tasnifu ya kurasa 200 ni gigabaiti 5 na ushei. Ukipanda hadi nukta 600, zidisha kwa nne. Tunatunza TIFF kama nakala mama, tunampa msomaji PDF nyepesi, na anayetaka kubishana kuhusu nukta aje na bajeti ya diski mkononi.

Turudi kwenye meza ya pembeni.

Rekodi za vitabu vya rafuni zinaishi kwenye Koha, programu ya kuendesha maktaba iliyozaliwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000. Inazungumza MARC, muundo wa kuandika rekodi za maktaba ili kompyuta izisome, uliobuniwa katika miaka ya 1960 na Henriette Avram wa Maktaba ya Bunge ya Marekani. Bi Avram hakuwa mkutubi, alikuwa mwandishi wa programu, na huwa namkumbuka kila nikisikia kwamba wakutubi na watu wa kompyuta hawawezi kuelewana. Katika MARC kila kitu kina chumba chake: 100 mwandishi, 245 kichwa, 502 maelezo ya tasnifu, 650 mada. Tasnifu zilizoskaniwa, kwa upande wake, zinaingia DSpace, programu ya hifadhi za kidijitali iliyotolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, nayo imejengwa juu ya Dublin Core, orodha fupi ya vipengele vya kuelezea hati. Vipengele vyake vya msingi ni 15, na chimbuko lake ni mkutano wa mwaka 1995 uliofanyika Dublin, ile ya Ohio, si ya Ireland. Wepesi wake ndio sifa yake na ndio udhia wake. Ukihamisha rekodi kutoka MARC kwenda kwenye vipengele hivyo 15, msimamizi wa tasnifu anageuka kuwa mchangiaji tu, sawa na aliyechora ramani, na shahada, chuo na mwaka vinasongamana kwenye kisanduku kimoja cha maelezo. Tumeongeza visanduku vyetu wenyewe. Kila maktaba huongeza vyake, kisha tunashangaa mifumo haisomani.

Jambo ninalolipenda kuliko yote katika uorodheshaji ni mabano ya mraba. Tasnifu haina mwaka. Utangulizi unamshukuru mkuu wa kitivo ambaye unajua alishika cheo kipindi fulani, marejeo yake ya mwisho ni ya 1973. Unaandika [1974?]. Mabano yanasema: hili halimo kwenye hati, nimelileta mimi. Alama ya kuuliza inasema: nami sina uhakika. Kwa herufi chache umemwambia msomaji usiyemjua kiasi gani akuamini. Naona fomu nyingi za kompyuta zinakataa mabano hayo kwa sababu zinataka tarehe safi, na hapo ndipo watu hujaza 1900-01-01 ili mfumo ukubali. Nimekutana na hifadhi ambako nusu ya mkusanyo inadai kuandikwa siku ya kwanza ya mwaka 1900.

Majina nayo yana vituko vyake. Kanuni nyingi za kuorodhesha zilitungwa na watu wanaodhani kila mtu ana jina la ukoo linalokaa mwisho. Je, Shaaban Robert aingie chini ya S au chini ya R? Muyaka bin Haji je, wakati Haji ni baba yake? Jibu lolote linafaa mradi liwe moja, na mradi rekodi ya kudhibiti jina iyaelekeze maumbo mengine yote kwenye lile lililochaguliwa. Pasipo hilo, mashine inahesabu watu wawili. Mwanafunzi wa uzamili aliyeolewa na kurudi kufanya uzamivu kwa jina jipya anakuwa watafiti wawili wasiojuana. Tangu 2012 watafiti walio hai wanaweza kuchukua namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti mmoja tu, na kumaliza ubishi. Waandishi wa makabati yetu ya nyuma wengi hawana namba, wana sahihi tu kwenye ukurasa wa tamko, iliyoandikwa kwa haraka.

Mada zinachosha zaidi kwa sababu kila uamuzi ni wa kiitikadi, upende usipende. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1876, umetenga namba mia moja, 200 hadi 299, kwa ajili ya dini. Ukristo ulijitwalia 220 hadi 289, na dini nyingine zote za ulimwengu zikabanwa kwenye 290, Uislamu ukikaa 297. Marekebisho yamefanyika, lakini namba zilizokwisha kuandikwa kwenye migongo ya vitabu hazijifuti. Fasihi ya Kiswahili yote imo ndani ya 896.392, kwa hiyo tendi, riwaya na tamthilia zote huanza kwa tarakimu hizohizo. Kwenye rafu huna la kufanya, kitabu kinakaa mahali pamoja. Kwenye rekodi ya kidijitali unaweza kuipa tasnifu moja mada sita na hakuna atakayelalamika nafasi. Hapa dijitali imetushinda kwa uzuri, nakubali.

Kuna wanaosema mada hazina haja tena, kwa kuwa programu za kutambua maandishi zinasoma kila neno. Kijana wetu wa mafunzo aliniambia hivyo wiki hii, kwa heshima zake zote: "Mama, si mashine itatafuta yenyewe?" Nikamwambia alitafute neno ng'ombe. Tulikuwa na tasnifu kumi na kitu za ufugaji mbele yetu, na mfumo ukaleta mbili. Programu ilikuwa imeusoma ule ukato wa juu, ritifaa iliyo kati ya ng na o, kama ukato uliopinda kwenye baadhi ya kurasa, kwingine kama alama ya nukuu, kwingine ikaona doa la wino na kuuacha. Kwa kompyuta, ukato ulionyooka na ule uliopinda ni herufi mbili tofauti zenye namba tofauti. Ongeza hapo taipu ya kaboni ambapo e na o zimejaa wino, na programu iliyozoeshwa lugha nyingine inayojitahidi kusahihisha kila neno isilolijua. Usomaji wa mashine unasaidia sana na sitaki kurudi nyuma, ila unakuja baada ya maelezo, hauji badala yake.

Upande wa kulinda faili: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikae jengo jingine. Na namba ya ukaguzi kwa kila faili ili tujue ikiharibika kimyakimya. Hayo tunayafanya na sina la kuongeza.

Kinachoninyima usingizi leo ni barua pepe iliyoingia mchana. Huwa tunawaandikia waandishi kuomba ruhusa kabla ya kufungua tasnifu kwa umma, maana hakimiliki ni yao, na chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, hudumu walau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kwa hiyo kuna warithi pia. Wengi hujibu kwa furaha. Huyu amekubali, kisha akauliza kuhusu kiambatisho cha tatu. Nikakifungua. Ni orodha ya watu aliowahoji, majina kamili, umri, mahali wanapoishi, na mbele ya kila jina, ugonjwa.

Wakati ule haikuwa ajabu. Tasnifu ilikaa rafuni, ikafunguliwa na watu wachache ambao karibu wote walikuwa watafiti. Vumbi lile ninalolilaumu ndilo lililowasitiri wale watu. Sasa tumeskani vizuri, programu imesoma majina kwa usahihi nadra kuuona, na siku tutakapobonyeza kitufe, mjukuu wa mtu, au mwajiri wake, ataandika jina na kuupata ugonjwa. Kila nilichokisema hapo juu kuhusu kupatikana kinanigeukia.

Mwenzangu wa upande wa skana anataka tuzuie tasnifu nzima. Mimi nataka rekodi iwe wazi na kamili, sura zote zisomeke, kiambatisho kitolewe kwenye nakala ya umma na kibaki kwenye nakala mama, na rekodi iseme waziwazi kwamba kimetolewa na kwa nini. Yeye anasema kusema hivyo ni kumwonyesha mwizi mlango. Mimi nasema kukata kurasa bila kutaja ni kumdanganya msomaji. Hatujaafikiana. Jumatatu tunaipeleka kwenye kamati ya maadili ya utafiti, na kwa sasa nimefunga faili yote, rekodi na kila kitu, na nimeanza kupitia viambatisho vya tasnifu zile ambazo tayari ziko hewani.