Mbaazi za Mjomba

Mwezi Agosti mwaka 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Tanzania, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, kwa kuwa wakulima wake wenyewe walikuwa wamevuna kwa wingi mno na bei ya huko ilikuwa imeanguka. Habari hiyo ilifika Kondoa wakati magunia yameshashonwa midomo. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alipakia magunia yake kwenye lori akaja nayo Dodoma mjini, akiamini kwamba katika soko la Majengo angepata wa kuyachukua. Wachuuzi walizichota kiganjani, wakazisifu, kisha wakataja bei ambayo isingemrudishia hata nauli. Magunia yakaishia sebuleni kwetu Chang'ombe, yameegemezwa ukutani, na mjomba akawa anayapita bila kuyatazama.

Mama alikuwa fundi cherehani, na miongoni mwa wateja wake alikuwamo bibi mmoja wa Uhindini, mwenye asili ya Gujarat, ambaye babu yake alikuja kufungua duka baada ya reli ya kati kufika Dodoma mwaka 1910. Alikuwa mzaliwa wa mji huu, na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. Mama alipomsimulia habari ya mjomba wakati wa kupima blauzi, bibi huyo alisema kwamba mbaazi hizo ndizo zinazopikwa nyumbani kwake karibu kila siku, na kwamba kama tungezipaaza vizuri angekuja mwenyewe kutuonyesha mchuzi wake. Naamini alisema hivyo kwa sababu alitambua kwamba mjomba hakuumizwa na hasara peke yake.

Kupaaza kulituchukua muda kuliko kupika. Tulizichambua mawe, tukaziloweka usiku kucha, tukazianika juu ya turubai, na jua la Dodoma pamoja na upepo wake mkavu, ambao kwa kawaida tunaulalamikia, ukatufanyia kazi nzuri mno: maganda yalisinyaa yakaanza kuachana na kokwa. Mama alizipitisha kwenye jiwe la kusagia kwa mkono mwepesi, ili zipasuke zisisagike, kisha akapepeta kwa ungo. Zilizobaki zilikuwa vipande vya rangi ya manjano iliyoiva, kila punje imegawanyika katikati. Mjomba aliviokota vichache akaviviringisha kati ya vidole. Alikuwa amelima mbaazi tangu ujana wake, na za chakula nyumbani kwake zilichemshwa nzima au kuchanganywa na mahindi. Hizi, alisema, hajawahi kuziona zikiwa zimevuliwa nguo.

Bibi alikuja kwa bajaji siku ya Jumapili, akiwa na kopo la bati la mviringo lenye vibakuli vya viungo ndani yake, pamoja na sufuria yake mwenyewe. Mjomba alimwamkia, bibi akaitikia, kisha akaeleza kwa upole kwamba kwa dini yake ya Kihindu, jinsi alivyolelewa, hali nyama wala chakula kilichopikwa katika chombo cha nyama. Mama, ambaye ni Mwislamu, hakuhitaji maelezo zaidi. Aliliosha jiko la mkaa akalifuta majivu, akamwekea kigoda, basi. Nimeshuhudia watu wengi wakitunza miiko yao kwa kuwaaibisha wenyeji. Yule bibi aliitunza ya kwake kwa namna iliyotufanya tujione tumeheshimiwa.

Mbaazi vikombe viwili zilioshwa mpaka maji yakawa meupe, zikatiwa vikombe vinane vya maji, manjano kijiko kidogo, na tone la mafuta ili povu lisifurike. Pamoja nazo alitia konzi ya karanga mbichi za Kongwa. (Wilaya hiyo ndiko Waingereza walikoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951 baada ya kushindwa, wakulima wadogo wanaendelea kuzilima hadi leo, na nilipenda kuona zikiingia katika sufuria ile.) Moto ulikuwa wa wastani. Baada ya saa moja hivi mbaazi zilikuwa zimelainika, na hapo bibi akaomba kipekecho. Mama alimpa kile cha mti tunachopikia mlenda, ambacho hakijawahi kugusa nyama, na bibi akacheka kwa furaha kwa sababu nyumbani kwake anacho kinachofanana nacho. Alikipekecha kati ya viganja mpaka mbaazi zikawa uji laini, karanga zikiwa bado nzima. Kisha zikafuata nyanya, tangawizi iliyopondwa, pilipili mbichi moja, chumvi, maji ya ukwaju yaliyokamuliwa na kuchujwa, na kipande cha sukari guru.

Hakukuwa na kitunguu, wala kitunguu saumu. Mama alivisubiri. Alikuwa ameshavimenya na kuviweka kwenye sahani, na ninavyomfahamu, mchuzi usio na kitunguu kwake haukuwa mchuzi. Bibi alisema kwamba katika madhehebu yake hawavili, na akafungua kibakuli cha unga wa kijivujivu uliotoa harufu kali iliyojaa ua zima. Mama aliitambua mara moja.

"Huu si mvuje? Tunaowafunga watoto wachanga?"

"Ndio huo huo, mwanangu," bibi alijibu. "Usiuhukumu kabla haujakutana na mafuta."

Jambo lililofuata ndilo nililolikariri kwa macho, na ndilo ninaloamini kuwa uhai wa mchuzi huu. Katika karai dogo alipasha mafuta ya alizeti mpaka yakaanza kutetemeka, akadondosha punje chache za haradali na kungoja. Zilipoanza kupasuka na kurukaruka, ndipo akatia binzari nyembamba, punje za uwatu zisizozidi ncha ya kidole, kwa kuwa zikizidi au zikiungua mchuzi wote huwa mchungu, kijiti cha mdalasini, karafuu na pilipili kavu. Mvuje uliingia mwisho, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, na kwa muda mfupi kuliko pumzi moja ile harufu kali iligeuka ikawa kama ya kitunguu kinachokaangwa. Hapo hapo akamwaga mafuta yote ndani ya sufuria, yakavuma, akafunika. Alitueleza kwamba viungo hivi vikitupwa tu ndani ya maji vinabaki na siri yao, kwa sababu harufu yake hutoka kwa mafuta, si kwa maji. Ndiyo maana hukaangwa peke yake na kuingizwa mwishoni, badala ya kuchemka na mbaazi muda wote mpaka harufu ipotee na mvuke.

Tulikula kwa wali wa mchele wa Bahi, mchuzi ukiwa mwepesi wa kumwagika, mchachu, mtamu kwa mbali, na karanga zikikutana na meno mara moja moja. Mjomba alimaliza sahani bila kusema neno, akaongezewa, kisha akamuuliza bibi swali ambalo ninadhani alikuwa amelibeba tangu Kondoa.

"Kwa hiyo mama, hizi mbaazi zetu, kule wanazila hivi?"

"Kwetu Gujarat hivi, baba. Kusini hutia mboga ndani na ukwaju mwingi zaidi, na wengine huzila kavu na chapati. Lakini mbaazi ni hizi hizi."

Mjomba aliniomba kalamu. Aliandika vipimo vyote nyuma ya stakabadhi ya lori, akiuliza majina ya viungo moja baada ya jingine, na kuhusu haradali akataka kujua kama mchuzi unaweza kupikwa bila hiyo, kwa kuwa hakuwa na hakika ya kuipata kijijini. Bibi alimwambia atumie binzari nyembamba na pilipili kavu, vitatosha. Siku chache baadaye aliuza gunia moja kwa hasara ili apate nauli, akatuachia debe moja, na mengine akarudi nayo nyumbani yaliwe.

Mchuzi ule umebaki katika nyumba zetu zote mbili, ingawa haufanani. Shangazi yetu wa Kondoa, mke wa mjomba, huupika bila haradali wala mvuje, na huuacha mzito ili ulike kwa ugali. Mama anauweka mvuje, lakini kitunguu hakukiacha, na sukari guru hataki hata kuisikia ndani ya chakula cha chumvi. Mimi naitia, kipande kidogo tu, kwa sababu ukwaju wa Dodoma ni mkali, na bila utamu wa kuushika huzifunika karanga.