Mihula minane ndani ya miaka miwili

Jumapili, jioni

Ukikuta kalenda ya shule za Kenya ya miaka ya korona imesahaulika ukutani mwa ofisi ya walimu, utadhani mpiga chapa alilewa. Muhula wa pili wa 2020 unaanza tarehe 4 Januari 2021. Mwaka wa masomo wa 2021 unaanza 26 Julai. Wa 2022 unaanza 25 Aprili. Wala hakuna kosa hata moja. Kalenda ile ni daftari la deni.

Korona ikitajwa pamoja na shule, watu hukumbuka kufungwa. Kufunga kulichukua siku tano tu. Jumapili ya 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza, kesho yake shule za kutwa zikafunga, Jumatano zikafuata za bweni, Ijumaa vyuo vikuu. Kufungua ndiko kulikotutoa jasho. Hesabu ya wiki zilizopotea haikukamilika hadi Januari 2023.

Hesabu ilienda hivi. Watoto walikuwa wamesoma wiki kumi tu za muhula wa kwanza. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, George Magoha, akasema mwaka umepotea, hakuna KCPE wala KCSE, yaani mitihani ya kumaliza shule ya msingi na ya sekondari, tuonane Januari. Baadaye mambo yakageuka, na 12 Oktoba wakaitwa Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne. Hao wawili wa mwisho walikuwa na mitihani. Gredi ya 4 ilibebwa kwa sababu nyingine: ndiyo iliyokuwa kifungua mimba wa mtaala mpya, na ikikwama yenyewe, vitabu, mafunzo ya walimu na kila kitu kinachoifuata kinakwama. Wengine wote walirudi 4 Januari 2021. Mitihani ya 2020 ikafanywa Machi na Aprili 2021.

Hapo ukawa na nchi iliyo nyuma kwa takriban miezi saba. Njia za kulipa zilikuwa mbili: kupunguza mada, au kubana muda. Ukabanwa muda. Mwaka wa wiki 39 ukawa wa wiki 30. Likizo ya mwezi ikawa siku tisa: shule zikafungwa Ijumaa ya 16 Julai 2021, mwaka mpya ukaanza Jumatatu ya 26. Zikafungwa 1 Oktoba, zikafunguliwa 11. Ndani ya siku hizo tisa mwalimu anatakiwa asahihishe karatasi, ajaze ripoti, aandike maazimio ya kazi ya muhula unaofuata, na kama ana shamba, apalilie. Mada zilibaki vilevile, kwa hiyo kilichokatwa ni mazoezi. Mwalimu wa hesabu anapokuwa na vipindi vinne kwa mada iliyohitaji sita, hapunguzi maelezo, anapunguza muda wa mtoto kukosea na kurudia. Humwoni akikata, na ndiyo maana hakuna aliyelalamikia mazoezi wakati ule.

Karo ndiyo iliyolalamikiwa, na wazazi, na walikuwa na haki. Hesabu tu mara ambazo shule zilifunguliwa: 2021 ni Januari, Mei, Julai na Oktoba, 2022 ni Januari, Aprili, Julai na Septemba. Mihula minane mahali pa sita. Serikali ilipunguza karo ya bweni kwa mwaka ule wa wiki 30, shule za kitaifa zikatoka shilingi 53,554 hadi 45,054. Kwenye karatasi ni nafuu. Lakini mshahara wa mzazi huja kwa mwezi, hauji kwa muhula. Zamani alikuwa na miezi minne ya kukusanya fedha za muhula mmoja, sasa mara nyingi akapewa chini ya mitatu. Nauli ya kwenda na kurudi, sabuni, daftari, viatu vilivyobana, vyote vilihesabiwa mara nane. Na hii ni baada ya mwaka ambao hoteli za Pwani zilikuwa zimefungwa na vijana wa Malindi na Diani wamerudishwa nyumbani bila chochote. Bakaa la karo la 2020 likaburutwa hadi 2021, la 2021 likaburutwa hadi 2022. Mhasibu yeyote wa shule atakuambia kwamba deni lililovuka mihula miwili halilipwi tena, linapunguzwa kidogo kidogo ili mtoto asirudishwe getini.

Halafu mabweni yakaanza kuungua. Muhula wa Oktoba hadi Desemba 2021 ulikuwa na wiki kumi na moja na kalenda haikuwa na mapumziko ya katikati. Visa vya moto vilipozidi, serikali ikatoa mapumziko ambayo hayakuwa kwenye ratiba, kuanzia 19 hadi 23 Novemba. Wapo waliosema watoto wameharibika wakiwa nyumbani. Mimi naona jibu liko kwenye ratiba yenyewe: ukimwamsha kijana saa kumi na moja alfajiri na kumlaza saa nne usiku, ukamnyima michezo kwa hofu ya msongamano, ukafuta na sherehe na ziara, kilichobaki ni dawati na kitanda. Kibiriti hakihitaji maelezo zaidi.

Na walimu? Wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, waliendelea kulipwa. Wa BOM, wale wanaoajiriwa na bodi ya shule na kulipwa kutokana na karo, walikatika siku ile ile karo ilipokatika, na wa shule binafsi vivyo hivyo. Kule Mwea picha za madarasa yaliyojaa kuku zilizunguka dunia nzima, na watu wakacheka. Yule mwenye shule alikuwa anajaribu kulipa mkopo wa benki kwa kuku.

Nirudi kwenye vitu vya kushikika, maana korona ilitufundisha kwamba agizo la ofisini na darasa la mabati ni nchi mbili tofauti. Chukua agizo la umbali. Darasa la mita nane kwa sita, ukimwachia mwalimu mita mbili mbele, linabaki mita sita kwa sita. Ukiwatenganisha watoto mita moja na nusu kila upande, wanaingia ishirini na watano, na hapo umewabandika ukutani. Darasa lina watoto hamsini na tano. Hakuna ubunifu unaotatua hesabu hiyo isipokuwa zamu, na zamu inataka walimu mara mbili. Shule nyingi zilipanga madawati vizuri wiki ya kwanza, wiki ya tatu yakarudi yalivyokuwa.

Maji nayo. Mtoto akinawa kwa uangalifu hutumia kama mililita 200. Watoto 600, mara nne kwa siku, ni lita 480, yaani madumu 24 ya lita ishirini. Kama kisima kiko kilomita moja, jiulize nani anayachota. Kibuyu chirizi kilisaidia kuliko mapipa ya bomba: dumu la lita tano linaning'inia kwenye kijiti kati ya nguzo mbili za panda, tundu moja la msumari chini kidogo ya mfuniko, na kamba kutoka shingoni hadi kipande cha mti ardhini. Unakanyaga, dumu linainama, maji yanatiririka, mkono haugusi kitu. Mahali kinapoharibikia panajulikana. Tundu likiwa kubwa, watoto kumi wamemaliza dumu. Kamba ikiwa fupi, dumu halirudi wima na maji yote yanamwagika. Sabuni ikiachwa wazi, kunguru anaondoka nayo. Itoboe, pitisha uzi, ivishe soksi kuukuu. Na weka kokoto chini, la sivyo baada ya siku mbili ni tope, na mtoto hataki kunawa penye tope.

Masomo ya redioni yalikuwa mazuri kuliko yalivyosifiwa, lakini redio haisubiri. Sauti ikisema andika jumla hii, mtoto anatafuta kalamu, sauti imeshafika jibu. Nyumba ambayo palikuwa na mkubwa wa kukaa kando na kurudia swali, redio ilifanya kazi. WhatsApp ilifanya kazi mahali walimu walipoacha video. Sauti ya dakika moja haifiki megabaiti moja. Video ya dakika hiyo hiyo inakula bando mara nyingi zaidi, na simu ni ya baba, na baba yuko kazini hadi magharibi.

Majirani walichagua njia zao. Tanzania ilifungua shule zote 29 Juni 2020. Uganda iliacha madarasa mengi yakae yamefungwa hadi 10 Januari 2022. Kenya ilisimama katikati, ndiyo maana deni lake lililipika, ijapokuwa kwa bei hii.

Kundi linalonikaa rohoni si la watahiniwa. Ni lile lililoingia Gredi ya 1 Januari 2020. Wiki kumi za shule, kisha nyumbani hadi Januari iliyofuata. Katika wiki kumi darasa la kawaida linakuwa limepita irabu na konsonanti chache za mwanzo: ma me mi mo mu, ka ke ki ko ku. Halijafika kwenye nd, mb, dh na th. Liko mbali kabisa na mbw na nyw, na ng' ya ng'ombe ni ndoto. Waliporudi walipewa kitabu cha muhula wa pili, kana kwamba waliacha jana.

Kuwapima si kazi kubwa. Chukua kifungu cha maneno sitini ambacho hawajakiona, maana hadithi ya kitabuni wameikariri. Mkalishe mtoto mmoja mmoja, mpe dakika moja, weka alama kwenye kila neno alilokosea au kuruka. Mwulize maswali mawili. Usiache maswali, kwa sababu Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa na mtoto anaweza kukitamka chote asielewe hata kimoja. Dakika mbili kwa mtoto, watoto arobaini na tano, ni dakika tisini: vipindi vitatu vya nusu saa, kimoja kila siku. Kisha uwapange kwa kile wanachoweza: wa silabi, wa maneno, wa kifungu. Anayekwama kwenye nyw haendi kwenye hadithi. Anakaa na nywa, nywea, nywele, kinywa, manyunyu, mpaka masikio yake yatofautishe nyw na ny, na ndipo mkono uandike.

Nimeona madaftari ya kundi hilo yakiwa na Insha ya Gredi ya 5, mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Ndani yake: "Ngombe akanya maji."