Kuku wangu, kideri na mpaka wa Busia

Naandika nikiwa nje ya banda, harufu ndo hiyo mtanisamehe. Watu wananiuliza kila siku eti kuku hapa Busia, upande wa Uganda, wanalipa? Wanalipa, ila pesa haipotelei pale unapodhani.

Nilianza na leya 200, yaani kuku wa mayai. Nilijua adui ni magonjwa tu, nikapanda boda nikanunua chanjo ya kideri (ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle), nikaitia mfukoni mwa shati, jua kali, njiani nikapita kwa shemeji nikanywa na chai kabisa, nikafika nikaichanganya na maji ya bomba yale yanayonuka dawa nikawapa kuku, nikajiona daktari. Baada ya wiki kadhaa shingo zinapinda, kinyesi kijani, asubuhi moja nikaokota 31. Kumbe ile chanjo ni kitu hai, joto linaiua na klorini inamalizia, mimi nilikuwa nimewanywesha maji matupu! Siku hizi nabeba chupa ya chai imejaa barafu. Wale wa kienyeji nawapa I-2, aina nyingine ya chanjo ya kideri, tone moja jichoni, hiyo inavumilia joto kidogo, narudia kila miezi mitatu. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini aliponiona nimempakata jogoo kama mtoto wa kliniki.

Sasa kideri unaweza kuishinda. Mwizi mwenyewe ni chakula. Leya mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku, piga hesabu, kuku 200 ni kilo 24 kila siku ya Mungu, hata wakigoma kutaga. Mukene, wale dagaa wa kuchanganya kwenye chakula, nayo tunagombania na binadamu wenzetu, halafu wauzaji wengine wanachanganya mchanga. Kabla sijalipa natia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji nakoroga, mchanga unazama chini wenyewe, hapo muuzaji anaanza kuangalia pembeni. Na mahindi yasiyokauka usiguse hata wakikupa bei ya bure, ukungu wake unaharibu maini ya kuku.

Halafu kuna mpaka. Januari 2017 mafua ya ndege yaliwaua ndege wa porini kule Lutembe karibu na Entebbe, Kenya ikafunga mlango kwa kuku na mayai yetu yote. Januari 2021 tena, wakazuia. Sisi ng'ambo ya Kenya tunaiona kwa macho, unaweza kumsalimia mteja wako kwa sauti, lakini wakati ule trei ya mayai haikuvuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye karatasi ni tamu sana, ila yai halisubiri mkutano wa mawaziri.

Kwahiyo tukakaa majirani sita. Wakati wa mavuno tunachanga pesa tunanunua mahindi pamoja, tunaanika wenyewe kwenye turubai, tunasaga. Na vifaranga hatuingizi wote mwezi mmoja, maana zamani tulikuwa tunafurika mayai sote kwa pamoja halafu sote tunakauka, mnunuzi anatupangia bei anavyotaka. Wawili walijitoa, wakasema tunachelewesha mambo, haya.

Soko la ng'ambo siku hizi nalihesabu kama bahati tu. Kijana wa rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, pale steji anachukua trei mbili kila asubuhi, anavunja mayai mbele yangu, bovu moja tu analirudisha na maneno juu. Kesho anataka tatu, eti analipa jioni. Nitampa, ila ya tatu nitamsubiria palepale kwenye benchi.