Karatasi ya Mshahara na Posho ya Wave Hill

Karatasi ya mshahara wangu wa kwanza katika ranchi moja ya Northern Territory, Australia, ilinikuta nimekatwa fedha za chumba na chakula kiasi kwamba kilichobaki kingemfanya hata kibarua wa kufyeka nyasi Nanyuki agome. Chumba chenyewe ni kontena la bati, na feni yake hukwaruza usiku kucha. Nilipomlalamikia mzee mmoja Mgurindji, yaani wa jamii ya wenyeji asilia wa huku, tuliyekuwa tukikaza naye waya wa ua, alicheka, akasema, "Wewe angalau umepewa karatasi."

Alikuwa akiikumbuka ranchi ya Wave Hill. Nathaniel Buchanan alipeleka ng'ombe huko mwaka 1883, katika nchi ya Wagurindji, na mwaka 1914 ranchi ikaingia mikononi mwa Vestey, kampuni ya nyama ya Uingereza. Wenye nchi wakageuka wachungaji wa mifugo ya wageni, wakilishwa posho: unga, sukari, chai, nyama ya chumvi na tumbaku, kwa kuwa sheria iliruhusu walipwe chini ya wazungu. Machi 1966 iliamuliwa kwamba ujira uwe sawa, ila wenye ranchi wakapewa muda hadi Desemba 1968. Tarehe 23 Agosti 1966, Vincent Lingiari, mzee wa Wagurindji, aliwaongoza watu wapatao 200 kuondoka kwa miguu, hatimaye wakapiga kambi Daguragu, kando ya kijito cha Wattie. Wengi walidhani wanadai mshahara, kumbe wazee walitaka ardhi yao, na Mkenya aliyekulia Laikipia, anayekumbuka mikataba ya 1904 na 1911 iliyowahamisha Wamaasai kutoka ardhi yao, hahitaji kufafanuliwa tofauti hiyo. Walikaa miaka tisa. Tarehe 16 Agosti 1975, Waziri Mkuu Gough Whitlam alimimina mchanga katika kiganja cha Lingiari kama ishara ya kuwarudishia ardhi, ingawa walichopewa siku hiyo kilikuwa hati ya kukodi sehemu tu ya ardhi hiyo.

Ndugu unayetayarisha pasipoti, uliza habari za makato kabla hujakata tiketi, kwani kwa kawaida mwajiri wa hapa hawezi kuugusa mshahara wako bila idhini yako ya maandishi. Yangu niliitoa mwenyewe, nikitia sahihi kila ukurasa bila kusoma, kwa furaha ya viza. Jana usiku niliusoma mkataba huo kwa tochi ya simu, nikakunja pembe ya ukurasa wa nne, na Jumatatu naupeleka ofisini.